Leso Sita Mezani: Kuendesha Kipindi cha Kazi za Mikono kwa Watoto Maktabani

Kabla hujanunua gundi wala kukata karatasi, nenda kwenye rafu. Chagua kitabu kimoja ambacho wewe mwenyewe unapenda kukisoma kwa sauti, kisha jiulize: mtoto akishakisikiliza, mikono yake itatamani kufanya nini? Hadithi ya mvuvi hudai ngalawa. Hadithi ya sungura na fisi hudai nyuso za kuvaa, masikio marefu kwa mmoja na meno kwa mwingine. Kitabu cha picha za sokoni hudai vikapu, na vikapu hudai vitu vya kutiwa ndani. Ukiona kitabu hakikupi jibu, kirudishe, chukua kingine.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vipindi vya kazi za mikono vikifanyika maktabani bila kitabu hata kimoja kufunguliwa. Watoto hupaka rangi, hucheka, huondoka. Hayo yote wangeweza kuyafanya kwenye baraza la jirani. Maktaba ina kitu ambacho baraza halina, na mtoto aliyefika hadi mlangoni kwako kwa miguu yake hastahili kurudi nyumbani bila kukiona.

Jambo la pili la kuamua mapema: usiwawekee watoto mfano wa kuiga. Kipindi changu cha kwanza nilichora twiga ubaoni, nikawaambia watoto 17 wachore kama yule. Nilipata twiga 17 wenye shingo ileile, na msichana mmoja aliyeificha karatasi yake chini ya meza kwa kuwa shingo ya twiga wake ilitoka fupi. Hakurudi wiki iliyofuata, na mimi sijamsahau. Tangu siku ile ninaonyesha jinsi ya kushika kifaa, jinsi ya kukunja, jinsi ya kuchovya rangi kidogo isichuruzike. Kitu kitakachotoka ni cha mtoto. Ukiona ni lazima uonyeshe kazi iliyokamilika, onyesha tatu zisizofanana, kisha uziondoe mezani kabla hawajaanza.

Watu, saa na mahali

Anza na watoto 18, si zaidi, waketi sita sita kwenye meza tatu. Kila meza iwe na mtu mzima mmoja, na awepo wa nne asiye na meza: huyo ndiye anayempeleka mtoto chooni, anayempokea mzazi mlangoni, anayewahi rangi iliyomwagika. Mkiwa wawili tu, waiteni watoto 12. Watoto wa miaka 7 hadi 12 wanaweza kukaa pamoja, na wakubwa huwasaidia wadogo bila kuambiwa. Wa miaka 3 hadi 6 wapange siku yao, dakika 45 zinawatosha, na kila mmoja aje na mzazi au mlezi.

Usichague siku kabla hujauliza. Pwani, watoto wengi huwa madrasa Jumamosi asubuhi. Kwingine kuna masomo ya ziada, au kwaya, au zamu ya kuchota maji. Simama mlangoni siku moja uwaulize watoto wenyewe na waliowaleta. Wakati wa likizo siku za katikati ya wiki hufaa kuliko zote. Kisha zungumza na mkutubi kuhusu wasomaji wengine: kijana anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne ana haki ya ukimya, na nyundo yako ikimfukuza, atakuwa hana pa kwenda.

Kwa sababu hiyo napendelea veranda, au kivuli cha mti uani, kuliko ukumbi wa vitabu. Kuna mwanga, maji yakimwagika hayadhuru kitu, na kelele hupaa juu. Kama huna meza, jamvi linatosha. Maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa, Kenya, mwaka 1996 hubeba masanduku ya vitabu hadi vijiji vya wafugaji, na watoto husoma wakiwa wamekaa juu ya mikeka chini ya miti. Palipo na mkeka na kivuli, kazi za mikono zinawezekana pia. Wewe gawa tu vipande vya boksi gumu, kila mtoto aweke chake mapajani kama meza.

Saa moja na nusu igawe hivi: dakika 15 za kusoma, 50 za kazi, 10 za kusafisha, na 15 za kuonyeshana na kuazima vitabu. Watu wazima hupenda kuzila zile dakika za kusafisha kwa kufanya usafi wao wenyewe haraka. Waachie watoto. Aliyeosha brashi yake Jumamosi hii huitunza Jumamosi ijayo.

Vifaa

Vingi havinunuliwi. Duka la steshenari lina karatasi zilizochapwa upande mmoja tu ambazo hutupwa kila jioni. Fundi cherehani ana gunia la mabaki ya vitambaa. Duka la vifaa vya umeme lina maboksi makubwa. Wazazi wana vizibo, vifuu, makopo, magazeti ya zamani na mashati makuukuu ambayo mtoto huyavaa kinyumenyume yakawa aproni. Utakavyonunua ni karatasi za manila na za kaki, penseli, mikasi yenye ncha butu, uzi wa kufumia, na brashi chache. Mikasi nunua kwa hesabu ya mmoja kwa watoto wawili. Kungojeana zamu mezani kunafundisha. Lakini hakikisha angalau mikasi miwili inakata vizuri kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mtoto wa mashoto akipewa mkasi usiomfaa hudhani tatizo ni yeye.

Gundi ipike mwenyewe jana yake. Koroga vijiko vitatu vya wanga wa muhogo, au unga wa ngano, katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina taratibu kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga bila kupumzika, hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Uache upoe. Unashika karatasi barabara, lakini huchacha baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo pika wa kutosha siku moja tu.

Uji huohuo ukiuzidishia wanga huwa rangi ya kuchapia. Gawa kwenye vikombe, tia rangi ya chakula, ile ya unga inayouzwa dukani kwa ajili ya juisi na visheti. Bizari hutoa manjano, na mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa hutoa weusi mzuri kabisa. Ukiwa na dakika za ziada, mpe mtoto maji ya bizari na kipande cha sabuni ya kufulia aone manjano yakigeuka mekundu mbele ya macho yake. Usieleze sababu, mwonyeshe rafu ya vitabu vya sayansi.

Rangi ya mafuta iache kabisa. Najua Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alichora wanyama wake kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari, na watoto wakiona picha zake hutaka kufanya vivyo hivyo. Wape kile kilichokuwa chake hasa: kipande cha boksi cha mraba, mandhari yapakwe rangi moja kwanza na yakauke, kisha mnyama mmoja mkubwa anayekaribia kugusa kingo, kisha madoa. Rangi ya uji inatosha kwa hayo. Ya mafuta ina mvuke mbaya, na haitoki mikononi ila kwa mafuta ya taa, ambayo hayafai kuwa karibu na mtoto.

Siku ya kanga

Kama utafanya kipindi kimoja tu mwaka mzima, fanya hiki. Kanga ni kazi ya sanaa ambayo kila mtoto ameiona tangu akiwa mgongoni, nayo ina maandishi. Mtoto anayekwambia nyumbani kwao hakuna kitu cha kusoma, mwulize mama yake au bibi yake anajifunga nini.

Kipindi kinachukua Jumamosi mbili. Waombe watoto waje na kanga kutoka nyumbani, au wewe ulete tano sita uzitundike kwenye kamba. Waache waziguse. Waonyeshe pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyo ndani ya kisanduku chao upande wa chini. Kisha wasimulie. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso zilizokuja na meli, zikiwa bado hazijakatwa. Badala ya kununua moja moja, walikata tatu tatu, wakaunga vipande viwili, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo pana ya kujifunga. Neno leso limetoka kwa Wareno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi.

Sasa watazame wanavyokaa: sita kwenye kila meza. Kila mtoto atachapa leso moja, na meza nzima itaunga kanga moja.

Kata karatasi za kaki ziwe miraba ya sentimita 30. Mihuri ya kuchapia toa sokoni, kwenye vitu vilivyokwisha kuharibika. Ninasema vilivyoharibika kwa makusudi. Kuna mtoto mezani kwako ambaye hakunywa chai asubuhi, naye hapaswi kuona kiazi kizima kikitiwa rangi. Wauzaji watakupa bure vilivyooza upande mmoja. Kata upande mzima ubaki. Bamia iliyokomaa ikikatwa kwa kukingama hutoa ua la pembe tano. Limau hutoa gurudumu. Bua la jani la mgomba hutoa vijumba vidogo vidogo kama madirisha ya ghorofa. Kiazi hukatwa na mtu mzima, kisha mtoto hukichonga uso kwa mpini wa kijiko au kifuniko cha kalamu. Kifute kikauke kabla ya kuchovya, maana maji yake huifanya rangi iteleze.

Rangi isiwe kwenye kikombe. Tandaza kipande cha sponji, hata cha godoro, kwenye sahani na uimimine juu yake. Muhuri ukigusa sponji huchukua kiasi kinachotosha. Mtoto achape mara mbili tatu kwenye gazeti kwanza. Halafu muulize swali moja tu: leso yako itakuwa na kitu kimoja kikubwa katikati, au vingi vidogo vilivyotapakaa? Baada ya hapo, nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mtu mzima. Utaona chapa imekaa pembeni na mkono wako utataka kuisogeza. Ushike mkono wako.

Andika jina la mtoto nyuma ya kila leso kabla hajaanza, kwa penseli, kwa sababu zikishatundikwa hakuna atakayekumbuka. Zibanwe kwa vibanio kwenye kamba hadi Jumamosi ijayo.

Jumamosi ya pili zigeuzwe, ziunganishwe kwa nyuma kwa vipande vya karatasi na gundi. Mtu mzima atoboe matundu kwa msumari kila baada ya sentimita tatu kando ya kila muungo, na watoto wa miaka 8 na zaidi washone kwa shazia na uzi wa kufumia. Uzi uonekane, wale wanawake nao walishona. Wengine watengeneze pindo kwa vipande vya manila vyenye upana wa sentimita 10, kila upande mtoto mmoja au wawili, muhuri mmoja ukirudiwa rudiwa. Mtoto asiyeona anaweza kuwa fundi wa pindo kuliko wote: mpe uzi na gundi, apange mawimbi yanayosomeka kwa kidole, na wenzake wajifunze kuyasoma hivyo.

Halafu linakuja jina. Tenga dakika 20 nzima. Lete vitabu vya methali mezani. Katika mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi huutumia, huviona kwenye namba 398.9, na watoto waende wenyewe kuvitafuta rafuni kwa namba hiyo, maana hapo ndipo wanapogundua kwamba namba zile za mgongoni zina maana. Waache wasome, wacheke, wabishane. Lakini mwisho wake waambie kanga hii ni mpya na inataka neno jipya, sentensi moja, isizidi maneno manne, na wote sita wakubaliane. Nimesikia mabishano pale mezani ambayo yangekuwa somo la lugha katika darasa lolote: kama ni "nakupenda" au "ninakupenda", kama mama atachukia, kama neno hili lina maana mbili. Kanga nzuri huwa na maana mbili.

Kuandika jina likae katikati kuna ujanja wake. Hesabu herufi zote pamoja na nafasi. Tuseme wamechagua BIBI NJOO TUSOME. Ni 16. Katikati ni baina ya ya nane na ya tisa, yaani kati ya zile O mbili za NJOO. Weka alama katikati ya kisanduku, anza hapo, andika kwenda kulia hadi mwisho, kisha rudi uandike kwenda kushoto ukirudi nyuma. Herufi kubwa, penseli kwanza, rangi baadaye. Mtoto aliyeandika neno kinyumenyume mara moja huanza kuziona herufi zake moja moja, hata yule aliyekuwa akizipita kwa kubahatisha.

Kanga ikikamilika itakuwa na upana wa karibu mita moja. Itundikeni juu ya rafu ya watoto. Usitoe zawadi kwa kanga bora. Ukizipanga ya kwanza, ya pili na ya tatu, watoto 12 kati ya 18 watatoka wakijua kwamba walishindwa kitu ambacho dakika tano zilizopita walikuwa wanakipenda.

Mgeni mwenye ujuzi

Katika kila mtaa kuna bibi anayesuka ukili, mzee anayechonga mwiko, kijana anayetengeneza magari ya waya yenye usukani unaofanya kazi. Mwalike mmoja kila miezi miwili. Mwendee nyumbani, mweleze, mwulize anahitaji nini. Mlipe nauli na kitu cha siku yake, hata kama ni kidogo, kwa sababu anaacha kazi kuja kufanya kazi. Umkaribishe kwa jina la heshima analoitwa mtaani, na watoto wamwamkie wote kabla ya kuketi.

Ukindu ni mgumu kwa vidole vya siku ya kwanza. Ninachofanya ni kuwapa watoto vipande vya magazeti yaliyokunjwa upana wa sentimita mbili, wakasuka juu, chini, juu, chini, wakati bibi akisuka chane zake za kweli mbele yao. Baada ya robo saa wanaacha karatasi na kusogea karibu naye. Hapo muulize kila neno, na mtoto mmoja mkubwa aandike: chane, ukili, miyaa, na namna anavyoita kila mtindo wa kusuka. Baadhi ya maneno hayo hutayakuta katika kamusi iliyo rafuni.

Ya kuangalia

Wembe usiwepo mezani, ingawa watoto wengi huja nao mfukoni kwa ajili ya kuchongea penseli. Ukusanye mlangoni kwa upole, uurudishe kwa mzazi. Gundi ya mafundi viatu hairuhusiwi hata kufunguliwa. Shanga na mbegu ndogo ziwe mbali na walio chini ya miaka mitatu, wakiwemo wadogo waliobebwa na dada zao. Ukifanya siku ya hina, iwe hina ya majani peke yake. Piko inayotiwa rangi ya nywele huunguza ngozi, na kovu lake hukaa. Kila mtoto awe na karatasi ya ruhusa yenye namba ya simu ya mzazi, na usimpige picha wala kuitumia popote bila ruhusa hiyo. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, hata akiwa mtu unayemwamini.

Kitabu chao rafuni

Baada ya vipindi vitatu vinne watoto wako tayari kutengeneza vitabu. Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu mara tatu, kila mara ukikunja ule upande ulio mrefu, kisha ifungue: utaona vyumba 8. Ikunje tena nusu, ncha fupi zikutane, na kwa mkasi kata kuanzia kwenye mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, hadi kwenye makutano ya kwanza ya mikunjo, usipite hapo. Ifungue, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zielekeane mpaka mpasuo uachame na karatasi isimame kama msalaba. Zizungushe kurasa upande mmoja, ukaze. Ni kitabu cha kurasa 8, jalada likiwemo, bila gundi wala uzi. Mtoto wa miaka 9 hujua kukikunja baada ya kujaribu mara mbili, na wiki ijayo utasikia amewafundisha nusu ya darasa lake.

Waandike humo wanachotaka: safari ya kwenda kwa shangazi, jinsi ya kupika chapati, mzimu, timu ya mpira. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu. Soma naye, na akikwama kwenye neno, mpe kamusi.

Halafu mwombe mkutubi jambo moja, na umwombe mapema ili alitayarishe. Kila kitabu kilichotengenezwa kipewe kibandiko cha namba kama vitabu vingine. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Kiwekwe ndani ya bahasha ngumu kisikunjike, jina la mtoto liandikwe palipo na mwandishi, na kipangwe rafuni kwa mfuatano wa herufi. Mtoto mwingine akikitaka, aandikwe kwenye daftari la kuazima, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na aliyekitunga awe amesimama pale pale kaunta akiona jina lake likiandikwa.